Bakuli la Bi Mwanakheri

(Mwenye barua hii ametuomba tulifiche jina lake. Majina mengine ameyabadilisha mwenyewe.)

Ndugu zangu mnaosoma ukurasa huu, na nyinyi mnaosomewa, nawasalimu.

Umri wangu siujui vizuri, nakadiria nimepita miaka thelathini. Mimi ni Mnyamwezi, kazi yangu ni upagazi. Kwetu ni mwendo wa miezi mitatu kwa miguu kutoka hapa Bagamoyo. Kuandika nilifundishwa na mapadri nilipokuwa nauguza mguu, mguu ukapona kabla sijamaliza masomo, kwa hiyo nikikosea mnisamehe. Hapa sina mke wala ndugu.

Mwaka jana nilikuwa nangoja msafara, nikapanga kibanda nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane, nimwite Bi Mwanakheri. Alikuwa akiishi na binti yake Mwanaidi, aliyeachwa na mume. Mchana nilifanya kibarua uani kwa tajiri mmoja, tukisafisha pembe za ndovu na kuzipanga. Tulikaa chini ya mndimu, ndimu zikituangukia mgongoni, nyingine zikiozea hapo hapo tukizikanyaga.

Ramadhani ilipoingia, jioni ya kwanza nikasikia hodi. Ni Bi Mwanakheri mwenyewe, na bakuli la kauri lenye maua ya buluu, limefunikwa kawa. Ndani muhogo wa nazi na kipande cha papa.

Nikamwambia, "Shikamoo mama. Lakini mimi sifungi."

Akasema, "Marahaba. Nimekuuliza kama umefunga? Kula, mwanangu, usilale na njaa nyuma ya nyumba yangu."

Nilikula nikalia. Tangu nitoke kwetu sikuwahi kupikiwa na mtu anayejua kuwa ananipikia mimi. Chakula cha kambini kinapikwa kwa sufuria, mwenye mkono mwepesi ndiye anayeshiba.

Nikaliosha lile bakuli ili nilirudishe. Mwenzangu Mihambo, aliyekaa pwani miaka mingi, akanicheka. "Wee, unakwenda nalo tupu hivyo? Hawa watu chombo chao hakirudi kitupu. Utawatukana, na mtaa mzima utajua Mnyamwezi hana adabu."

Kwetu hatuna jambo hilo. Wanaume tunakula pamoja, chombo kinabaki palepale. Nikatazama kibandani mwangu, nikaona mkeka, fimbo na nguo moja ya amerikani. Mama wa watu amenipa papa na nazi, mimi nimpe nini kinacholingana? Nikasema nitangoja nipate kitu cha maana. Bakuli nikaliweka juu ya dari.

Siku ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Nikajisemea, amenichoka, ameona amejipendekeza kwa mshenzi. Nikaona aibu hata ya kumwamkia, nikaanza kupita njia ya nyuma. Mfungo ukaisha hivyo. Msafara ukatoka, nikaondoka nalo lile bakuli, nimelifunga ndani ya nguo. Nililibeba mpaka kwetu. Huko nikaomba asali ya kaka yangu, kibuyu kizima, nikarudi nacho mpaka pwani juu ya mzigo wa pembe, na njaa ya njiani nisikiguse.

Juzi nimefika. Nikajaza bakuli asali, nikafunika, nikaenda mlango wa mbele. Akatoka Mwanaidi, amejitanda nguo nyeusi.

"Mama yupo?"

"Mama tumemzika. Leo siku ya thelathini na nane."

Akalitazama bakuli mikononi mwangu, akalijua.

"Kumbe unalo," akasema. "Mama hakuwa na jingine la kutolea. Alijua unalo, mimi nikamwambia niende nikaliombe, akakataa. Akasema, 'Mwanaidi, yule kijana chakula changu hakikumpendeza, nitamwaibishaje kwa kumdai chombo?' Ramadhani nzima hakumpelekea mtu futari. Majirani wakasema amekuwa na choyo. Naye kimya."

Nikamweleza yote, maneno ya Mihambo, umaskini wangu, na kwamba nilitaka kurudisha kitu kinacholingana.

Akaniuliza taratibu, "Kinacholingana nani alikuambia? Ungetia hata ndimu mbili. Hata chumvi ya kubana kwa vidole. Mama angefurahi, na kesho yake angekupikia tena."

Ndimu mbili! Ndugu zangu, mwezi mzima nilikuwa nazikanyaga.

Mwanaidi akapokea bakuli, akaingia ndani, akafunga mlango. Nikajua yamekwisha.

Kumbe hayakwisha. Leo ilikuwa hitima ya arobaini. Sikuthubutu kwenda, nilikaa kibandani, kile kile cha nyuma ya nyumba yao, nikisikia watu wakisoma. Alasiri nikasikia hodi. Mwanaidi, na bakuli lile lile, limefunikwa kawa. Pilau. Akasema, "Hiki ni cha mama," akaondoka kabla sijamjibu.

Sasa bakuli liko mbele yangu. Nimekula, maana kama ningekiacha kilale ningemkosea marehemu mara ya pili. Nimemwuliza Mihambo, safari hii hacheki. Anasema chakula cha hitima hajui kinarudishiwaje. Nikilirudisha tupu, nahofia ni kosa lile lile. Nikitia kitu, nahofia Mwanaidi ataona nalipa chakula cha maiti ya mama yake. Na msafara unatoka kesho kutwa, jina langu limekwisha andikwa, sitaki bakuli hili lilale kwangu hata usiku mmoja.

Nimekwenda uani kwa tajiri nikaokota ndimu mbili. Ninazo hapa mkononi. Nyinyi mliozaliwa pwani, mnaojua desturi hizi tangu utotoni, niambieni, hata kama jua litazama kabla barua hii haijawafikia: nizitie, au nisizitie?