Mshale Niliouhamisha

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwanangu, na mpaka leo nikiona geji yoyote, hata ile ya kupimia upepo wa tairi, naikumbuka. Nilikuwa kijana wa Goweko niliyesomeshwa na mapadri, nikapelekwa chuo cha juu cha ufundi nje ya Tanganyika, maana enzi hizo za Mwingereza hapa kwetu chuo kikuu hakikuwapo. Somo langu lilikuwa vipimo vya viwandani: kujua nguvu ya mvuke, ukali wa joto na kimo cha maji ndani ya tangi kwa kutazama mshale tu. Nililipenda somo lile, na nilijipenda mwenyewe zaidi. Nilitembea na kalamu mbili mfukoni mwa shati, na moja haikuwa na wino.

Mwaka wa pili tulitawanywa viwandani kwa miezi mitatu. Mimi niliangukia Tabora, kwenye kiwanda kidogo cha kukamua mafuta ya karanga nje ya mji. Mashine zake zilikwenda kwa mvuke wa boila moja, tangi kubwa la chuma la kuchemshia maji. Meneja, Mzungu mmoja mwenye haraka, ndiye angeandika ripoti yangu, na bila ripoti njema ningerudia mwaka. Boila ilikuwa mikononi mwa Mzee Sadala wa Kwihara, mchochea moto, aliyekuwa na kanzu safi kwa Ijumaa na kaptura yenye matundu ya cheche kwa siku nyingine zote. Hakujua kusoma namba. Alikuwa ametia alama ya rangi nyekundu kwenye kioo cha geji, pale nguvu ya mvuke inapofika ratili mia. Mshale ukifika hapo, vali ya usalama juu ya boila ilifunguka yenyewe na kupuliza mvuke unaozidi.

Chuo kilinipa geji mpya niifunge kando ya ile ya zamani, niandike kila saa zote mbili zinasema nini. Sasa nikuambie nilipoanzia kukosea. Siku niliyokuwa naipeleka kiwandani, kisanduku chake kilichomoka kwenye keria ya baiskeli kikagonga jiwe. Nilikifungua, nikaona kioo kizima, nikamshukuru Mungu, nikanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, wazee wamesema, lakini mimi nilidhani methali hiyo ni ya wagonjwa.

Jumatatu niliifunga. Ya zamani ikasema mia, mpya ikasema themanini. Chuoni tulifundishwa dawa yake: geji unaibebesha mawe ya mizani ambayo uzito wake unajulikana, uone kama itasema kweli. Mawe hayo yalikuwa chuoni, na kuyaomba kungekuwa kueleza habari za baiskeli. Nikazitazama zile geji. Moja ilikuwa na uso uliofukizwa na moshi, nyingine inang'aa. Nikaamini inayong'aa. Mzee Sadala alipokwenda kuswali adhuhuri, nilifungua kioo cha ile ya zamani, nikauchomoa mshale wake na kuupachika tena kwenye themanini. Daftari langu likapendeza kweli kweli.

Asubuhi ya Jumanne vali ikaanza kupuliza wakati mishale yote miwili iko themanini. Mashine zikalegea, meneja akaja mbio. Aliniuliza mimi, si Mzee Sadala.

"Springi ya vali imechoka, bwana," nikasema. "Inafunguka mapema. Ikazwe."

Akanitupia spana. Mzee Sadala akasimama mbele ya ngazi. Hakuwa ametazama geji hata mara moja. Alikuwa ameinamisha kichwa anasikiliza.

"Bwana, huu mvuke umejaa. Sauti yake naijua. Kijana huyu akikaza hapo, boila itapasuka, ataua wale," akasema, akionyesha ukuta. Nyuma yake walikuwa wamekaa kina mama wanaochambua karanga, migongo yao imeegemea matofali.

"Geji mbili nasema themanini! Wewe nasema nini?" meneja akafoka.

Mzee alichukua reki ya chuma, akafungua mlango wa tanuri, akauvuta moto wote nje, makaa yakamwagika sakafuni mpaka karibu na miguu yetu. Kazi ya siku nzima ikasimama. Meneja akamfukuza pale pale. Mzee akavaa viatu vyake taratibu, akaondoka, na mimi nimeshika spana.

Sikukaza kitu. Nilikaa pale boila inapoa, mishale inashuka pamoja, mpaka yote ikalala kwenye sifuri. Nikafungua bomba dogo la kutolea maji ili niyamwage yaliyobaki. Mvuke ukatoka kwa kishindo, ukanichoma kiganja. Mishale ilisema hakuna kitu ndani, na ndani kulikuwa na mvuke wa kumbabua mtu uso. Ndipo nikajua, mwanangu, kwamba lile jiwe liliiharibu geji mpya, nami nikaifundisha ya zamani uongo uleule. Kama si yule mzee, ningepanda ngazi ile na kuikaza vali kwa mkono wangu.

Ungedhani nilikimbilia ofisini. Sikukimbia. Niliurudisha mshale wa zamani mahali pake, nikaificha geji mpya, nikamwambia meneja kwamba vali nimeitengeneza. Alinisifu, na nilizipokea sifa hizo.

Jumapili, baada ya misa, nilipanda baiskeli mpaka Kwihara na ratili mbili za sukari. Nilimkuta Mzee Sadala uani anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, nikamweleza yote tangu lile jiwe la barabarani. Aliendelea kuchonga mpaka nilipomaliza.

"Baba yangu alikuwa mpagazi," akasema. "Ametembea njia hii mpaka pwani na pembe ya ndovu begani. Mwenye mali alikuwa na mizani yake, akisema mzigo ni sawa. Mpagazi hapokei maneno. Anaunyanyua, anatembea nao hatua kadhaa, ndipo anakubali. Shingo ni yake, si ya mizani." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Bwana umemwambia?"

"Bado, babu."

"Basi hujafika hapa. Rudi, upitie kwake kwanza. Na sukari yako ondoka nayo."

Kesho yake nilimwambia meneja. Hakupiga kelele, aliandika, na alichoandika kilinirudisha darasani mwaka mzima pamoja na vijana niliokuwa nikiwacheka. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mzee Sadala aliitwa kazini, akarudi, na siku zangu zilizobaki alikuwa mtu wa salamu na heshima zote. Ila kila nilipogusa geji aliacha alichokuwa akifanya, akaja kusimama nyuma yangu mpaka nimalize. Iliniuma sana, na ilikuwa haki yake.

Sasa wewe unakwenda kusoma, nawe utapewa vyombo vizuri kuliko vyangu. Shika hili. Watu wawili wakigombana, wapatanishe. Vipimo viwili vikigombana, usivipatanishe kamwe, tafuta kipi kinasema kweli. Usiamini chombo kwa kung'aa kwake, wala usimdharau mtu kwa kuwa hajui namba. Na ukikosea, usipeleke toba yako mahali utakaposamehewa kwa urahisi. Ipeleke kwanza pale itakapokugharimu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe mkono mwepesi wa kazi, na ulimi mwepesi zaidi wa kusema "ni mimi" siku ileile, kabla mwingine hajafukuzwa kwa ajili yako.