Unga Tuliouinua

Watakaosema nilipigwa na jua, waseme. Nilikuwa macho, nimeshiba, na jembe mkononi. Haya niliyaona mwenyewe, enzi za Mwingereza, kwenye pori la juu ya Nyangamara.

Mimi mtu wa Sudi, pwani. Nilioa bara, na kwa desturi ya Wamwera nikahamia ukweni. Mama mkwe alinipenda, sikatai, lakini mtu mzima kulima shamba la mkwe na kula kwa kuitwa kunachosha. Mke wangu Somoe alikuwa na mimba ya kwanza. Tulitaka mtoto azaliwe chini ya paa letu wenyewe.

Huko hufyeki pori jipya bila kuliomba. Jioni moja mama mkwe akatupeleka chini ya mti wa msolo, akamimina unga wa mtama taratibu mpaka ukachongoka. Kukicha bado umesimama, wenye pori, mizimu ya pale, wamekubali. Ukianguka, mtafute kwingine.

Asubuhi niliwahi peke yangu. Umeanguka! Unafikiri nilifanya nini? Niliukusanya kwa kiganja, nikauchonga vizuri, nikaenda kumwita mama mkwe. Akapiga vigelegele. Tukafyeka, tukachoma.

Siku ya pili baada ya kuchoma, adhuhuri, nang'oa visiki peke yangu, nikamwona bibi mmoja kasimama katikati ya shamba. Majivu yalifunika kila mahali, hata panya akipita utamjua. Nyuma ya yule bibi hapakuwa na alama ya unyayo hata moja. Niamini, jembe lilinidondoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mmeuinua unga wangu mara mbili?"

"Mara moja tu, bibi," nikasema, na papo hapo nikajua nimejifunga mwenyewe.

Akacheka. "Mara mbili. Mlitaka niwakatalie mara ngapi? Mna shida gani nyie?"

Nikamweleza yote: ukweni, mimba, nyumba. Nililia, sioni haya kusema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Si ungeyasema haya siku ile? Haya, kaeni. Msolo wangu msiuguse."

Akanishika kiganja cha kulia, kisha sikumwona tena.

Kiganja kikabaki cheupe, kama nimetoka kukanda unga. Maji hayakuutoa weupe ule. Nikakimbia nyumbani, nikamkuta Somoe anasugua chake kwa mchanga huku analia.

"Nilikutangulia alfajiri," akaniambia. "Niliukuta umelala, nikauinua. Niliogopa ukiuona vile, tutabaki kwa mama."

Nikamwonyesha changu. Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Tumezaa watoto saba pale, mikorosho imetulea, na msolo bado umesimama. Sina ninachodai duniani. Lakini wewe unayekwenda kufungua shamba, unga ukilala usiuguse. Piga magoti, useme shida yako. Sisi tulisamehewa, na mpaka leo kila anayetupa mkono hutazama kiganja chake, akidhani tumempaka unga.