Mzee Aliyesusa Nusu Sahani

Wodini walimwita Chapuchapu, na hawakumwonea. Mhudumu huyu angemaliza kutandika kitanda mgonjwa angali anajiuliza atangulize mguu gani kushuka. Mdomo wake nao haukujua likizo.

"Mzee wangu, umesusa tena?" alimuuliza fundi saa wa kitanda cha dirishani, aliyelazwa kwa kiharusi. Chakula cha upande wa kulia wa sahani kilikuwa kimekwisha. Cha kushoto hakijaguswa, utadhani ni cha jirani.

"Nisuse nini? Nimemaliza," mzee akang'aka. "Na njaa bado inaniuma. Mnapakua kama mnagawa dawa!"

Chapuchapu akacheka mpaka akashika kiuno. Mke wa mzee, aliyekaa kimya kushoto kwa kitanda, hakucheka. Chapuchapu alipotoka, mama huyo alimfuata nje, machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, aliyesusiwa ni mimi. Asubuhi ile alipoanguka tulikuwa tumetoka kugombana. Tangu hapo hajanitazama hata kwa bahati mbaya, nami naogopa kumsemesha, presha isije ikampanda. Kesho siji. Atakuja dada yake."

Chapuchapu akamwacha akifuta machozi. Akamkimbilia muuguzi wa zamu.

"Sista, huyu mzee ana kinyongo gani, cha kununia mke na chakula kwa pamoja?"

"Mke anakaa upande gani?"

"Kushoto."

"Na chakula anachobakiza?"

"Kusho... Mama yangu wee!"

"Hajanuna. Macho yake ni mazima, ila kiharusi kimeupiga ubongo, na ubongo umesahau kama kuna kushoto. Mgeuzie sahani. Na kila mara mwelekeze ageuze kichwa atazame huko, polepole. Sio kumkaripia."

Aibu ilimshika Chapuchapu kwa utani wake wote ule. Akamwahi mama mlangoni, mkoba tayari begani, akamvuta mkono hadi kwenye kiti chake kilekile huku akimweleza mbiombio.

"Baba, fuata kidole changu," akasema, safari hii bila haraka. "Geuka. Bado. Bado kidogo."

Shingo ikageuka kwa shida. Macho yakapita ukingo wa kitanda, yakaukuta mkoba, yakapanda taratibu mpaka usoni mwa mkewe. Yakaganda hapo.

"We mwanamke," mzee akasema, "ulikuwa wapi siku zote hizi? Nilidhani umenisusa."