Gobore Lililogoma Kulia

Wapo watu wenye mkono wa kupanda, na wapo wenye mkono wa chuma. Huyu alikuwa wa chuma. Walimwita Fataki, kwa sababu mfukoni hazikukosekana fataki, vile vikombe vidogo vinavyowasha baruti ya gobore, na kila akipiga hatua vilicheza. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kinachonuka mafuta. Magobore aliyokwisha kuyatengeneza aliyasimamisha konani, kitako chini, mdomo juu, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake. "Usililaze kama mlevi," mzee alikuwa akimwambia.

Basi mdogo wake, mjane, alikuwa na gobore aliloachiwa na mumewe. Alikuwa pia na shamba la mahindi, hilo moja tu, na kaka mtu naye alikula humo humo. Mahindi yakabeba, nyani wakalijua shamba, na gobore likagoma.

Fataki akasimama nalo shambani, akavuta kifyatulio. Nyundo ikaanguka, fataki ikasema ta! Kimya. Akabaki vivyo hivyo, mtutu kaelekeza kichakani, maana baruti huweza kuchelewa kushika moto. Nyani nao wakakaa wakimtazama, wakimenya mahindi.

"Wanakungoja umalize, kaka," mjane akasema. "Wana adabu hawa."

"Usisogee, mdogo wangu. Linaweza kulipuka."

"Hilo? Labda lilipuke kwa kicheko."

Akarudi nalo karakana. Akalizibua tundu la moto kwa waya wa breki ya baiskeli, akaanika baruti juani, akalijaribu nyuma ya nyumba. Lo! Lililia hata kuku wa jirani wakasahau kwao. Akafurahi kama mtoto. Akalisafisha, akalimiminia mafuta mtutuni bila kubana mkono, maana mali ya ndugu huipaki mafuta kwa kijiko, akalisimamisha konani. Asubuhi akashindilia baruti na risasi, akaenda shamba.

Ta! Kimya.

Akabadilisha fataki. Akabadilisha baruti. Kila jioni, likishasafishwa, nyuma ya nyumba linalia, kisha mafuta tena na konani, na kila asubuhi shambani linagoma.

"Mzee, bweka tu," jirani akamwambia. "Utawafukuza wengi zaidi."

Siku moja akachoka kubahatisha. Badala ya kufyatua tena, akaitoa ile baruti mtutuni kwa ufito wenye parafujo. Ilitoka kama uji mweusi. Umande, akadhani. Akaifikicha: inateleza. Akainusa, akakaa chini. Yalikuwa mafuta yake mwenyewe. Usiku kucha, gobore likiwa limesimama konani, yalikuwa yakiteremka mtutuni, yakituama chini kabisa, mahali pa kulala baruti. Akayakumbuka magobore ya wateja yaliyorudishwa miaka yote hiyo, na jinsi alivyowaambia, "Baruti yenu mbovu."

Akalifuta kwa kitambaa mpaka kikatoka kikavu, akalipua fataki tupu, bila baruti, kukausha tundu, akashindilia, akaenda shamba mbio za kizee.

Likalia. Mlio ukazunguka bonde zima.

Moshi ulipopungua, aliona mabua yaliyolala na maganda. Nyani walikwisha kuhama tangu jana; hapakuwa na cha kuwarudisha. Mdogo wake alikuwa akiokota mabua ya kuni.

"Limelia," Fataki akasema.

"Nimesikia."

"Yalikuwa mafuta, mdogo wangu. Mafuta yangu."

Mjane akamtazama, mzigo kichwani. Hakumgombeza, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Basi lilaze sasa, kaka," akasema. "Halina tena kazi."

Akalilaza kwenye mabua. Kisha akainama, akaanza kumsaidia kuokota.