Ubao Usiooshwa

Kila asubuhi, kabla ya kuingia nyumbani kwake, mwokaji mikate alijipiga. Alisimama karibu na bomba la uani, akavua shati, akalikung'uta mpaka lisitoe vumbi tena, kisha akajipiga mapajani, mgongoni, hata nyuma ya masikio, kama mtu aliyevamiwa na siafu. Nguo za kazi zilibaki kwenye msumari nje ya mlango. Alinawa hadi viwikoni, akapenga kamasi, akavaa nguo safi alizowekewa ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ndipo akabisha.

"Nani?" mkewe aliuliza, ingawa alijua.

"Mtu asiye na unga."

"Pita basi."

Mzaha huo ulianza mwaka uliopita, baada ya siku ya daktari. Mtoto wao, waliyemwita Kisoda kwa udogo wake, alianza kula akiwa na miezi sita, na tangu hapo akawa anarudi nyuma. Tumbo limevimba, mikono kama vijiti, kinyesi hakina mwisho. Daktari alisema tumbo lake halipatani na ngano. Asile mkate, asile biskuti, hata chembe isimfikie.

"Baba yake anafanya kazi gani?" daktari akauliza.

"Ni mwokaji mikate," mama akasema.

Daktari aliacha kuandika, akawatazama wote wawili.

Mwokaji hakuwa na kazi nyingine mkononi. Kazi ya ngano aliikuta kwa baba yake, na akili yake yote ilikuwa kwenye vidole. Kwa hiyo akaamua, kama mikono hii ndiyo imeleta balaa, mikono hii hii italiondoa. Staftahi ya mtoto akaichukua yeye. Alikuwa anatoka zamu jua likichomoza, mkewe akiwa hoi kwa kukesha na kilio, basi akamwambia, "Wewe lala. Mimi nina ujuzi wa asubuhi."

Alichemsha maji, akayamimina juu ya unga wa mchele, akaponda ndizi mbivu ndani yake, akakanda ungali moto huku akipuliza vidole. Halafu akausukuma juu ya ubao wake, akakata viduara kwa mdomo wa glasi, akavigeuza kwenye kikaango kikavu. Mkate usio na ngano ni mkaidi, unavunjika ukiutazama vibaya, lakini wake ulikuwa haupasuki. Kisoda alivishika viduara kwa mikono miwili, akavinyonya pembeni, akamtazama baba yake kama anayekagua kazi.

Ubao ule ulikuwa wa marehemu baba yake. Ndugu walipogawana vitu, wenzake walichukua kitanda na redio, yeye akachukua ubao. Kazini walikuwa na meza ya chuma, kwa hiyo ukakaa nyumbani, umesimamishwa nyuma ya mlango wa jikoni. Baba alimfundisha jambo moja juu yake: ubao wa kukandia hauoshwi, unakwanguliwa. Ukiuosha unasahau kazi, unga utakuganda mpaka uchukie maisha. Basi kila asubuhi aliukwangua ubao wake kwa bapa la chuma, kwa bidii ya mtu msafi, akauegemeza mahali pake.

Mtoto hakupona. Mzani wa kliniki ulisimama palepale mwezi hadi mwezi, na mwezi mmoja ukashuka.

"Ngano inaingia mahali," muuguzi alisema. "Tafuteni. Kikulacho ki nguoni mwako."

Mwokaji akalichukua neno hilo kama lilivyo. Alinyoa nywele, akanyoa ndevu, akahamia mkeka wa sebuleni asilale karibu na mtoto. Mkewe naye alikuwa ameacha mkate zamani, yeye aliyeupenda kuliko nyama. Halafu akaanza kuogopa maziwa yake mwenyewe.

"Labda kuna kitu kimebaki mwilini mwangu," alisema. "Nimwachishe?"

"Mwachishe," mwokaji akajibu. "Chakula changu kinamtosha."

Kisoda alilia siku nne akivuta nguo ya mama yake. Siku ya tano akanyamaza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Jumamosi moja alikuja shemeji, dada wa mke, fundi cherehani mwenye mdomo usio na breki. Mwokaji alikuwa amelala baada ya zamu. Shemeji akaona jikoni panahitaji mkono wa mtu, akatoa vyombo vyote uani, na ubao pia, akaumwagia maji ya moto na kuusugua kwa brashi. Kicheko chake ndicho kilichomwamsha mwokaji.

"Shemeji, njoo uone. Ubao wako unakamuliwa kama ng'ombe."

Maji yaliyokuwa yakichuruzika kutoka kwenye nyufa za ubao yalikuwa meupe, mazito.

"Ni mchele wa asubuhi," mke alisema kutoka mlangoni, mtoto begani.

Mwokaji alichutama. Alichovya vidole, akavisugua, akavitenganisha polepole. Katikati pakavutika uzi mwembamba.

"Mchele haunati," alisema. "Hii ni ngano. Ya baba, ya miaka yote ile."

Shemeji akaweka brashi chini.

"Mimi nililaumu maziwa yangu," mke alisema.

Kesho yake alikwenda sokoni. Alinunua sinia la bati na kikaango kipya. Mwokaji alipotaka kuwasha jiko akamwambia kwa upole, "Lala tu, nitafanya mimi." Viduara vyake vilipasuka, vingine viliungua, na Kisoda akavila vyote. Wiki ya tatu tumbo likaanza kushuka. Mzani ukapanda. Muuguzi akauliza wamefanya nini, mke akajibu wamebadilisha vyombo.

Asubuhi iliyofuata mwokaji alijipiga kama kawaida, akanawa, akavaa nguo safi, akabisha.

"Nani?"

Alifungua kinywa. Akatazama kucha zake, ule mstari mweupe wa unga uliokuwa haujawahi kutoka. Ndani alisikia mtoto akicheka na kijiko kikigonga sinia.

"Nani?" mke akarudia.

"Nakuja. Bado najikung'uta."

Alizichukua nguo za kazi kwenye msumari, akazivaa juu ya zile safi. Ubao ulikuwa umeegemezwa ukutani tangu siku ile, umepinda kwa maji na jua. Aliuweka kwapani, akafungua geti taratibu, akatoka. Alipofika kwenye kona bado mkono wake mmoja ulikuwa ukijipiga bega. Hakurudi jioni, wala kesho yake, wala Kisoda alipoanza kutembea.