Bakuli Moja, Majina Mawili

Dada wa meza ya dirishani, katika ofisi ya programu za kompyuta huko Pune, India, haongei na mtu kabla hajamimina chai kwenye kisosi na kuipuliza. Mrudula, mgeni wa kazi, alimjia macho yamemtoka: alikuwa amefuta majina ya abiria kwenye nakala ya majaribio, na orodha halisi ya basi la kesho nayo ikabaki tupu.

“Dada, si nilinakili?”

“Ulinakili jina, mdogo wangu. Majina mawili, orodha ni ileile. Tena umeiacha wazi kwa programu nzima, kila mkono unaifikia.”

Vidole vya dada, vya manjano kwa bizari, vilibandika vikaratasi viwili kwenye bakuli la chakula la Mrudula: “Halisi” na “Nakala”. Akalifungua, akala polepole mpaka biringanya la mwisho.

“Nimekula nakala tu,” akasema. “Chako halisi kipo.”

Mrudula akachungulia bakulini: tupu. Orodha bado ilimchanganya, ila njaa aliielewa.