Taya Dogo la Misugusugu

Mume wangu Abdulwahab ni mfupi. Nalisema mapema ili tusisumbuane. Akisimama kando yangu, kofia yake inafika kwenye kiwiko changu, na hapo amevaa viatu. Kwetu Kibuta watoto wamemwita mbilikimo tangu hajaota ndevu, wakubwa wakacheka, na mimi nimegombana na nusu ya kata kwa sababu hiyo. Sijutii hata ugomvi mmoja.

Lakini ufupi huo ndio uliotulisha. Yeye ni mchimba visima. Ndani ya shimo jembamba, ambamo mwanamume mwingine hawezi hata kuinama, yeye hugeuka na sururu yake bila kugusa ukuta. Mimi nashika kamba. Tumefanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa, Kisarawe na Kibaha, na watu wakimuuliza mbona msaidizi wake ni mke, huwajibu: "Huyu nikifa anapata hasara."

Tuna desturi yetu. Bibi yake alimsimulia kwamba zamani, kabla ya mashamba, misitu ya kwetu ilikuwa ya watu wadogo wenye mishale. Ukikutana na mmoja njiani, alikuuliza swali moja tu: "Umeniona wapi?" Ukisema umemwona hapo hapo, chini ya miguu yako, umemtukana, na mshale ni wako. Ukisema umemwona tangu mbali, alifurahi, akakupa asali. Basi Abdulwahab akiwa chini, kila baada ya ndoo chache huniuliza, "Umeniona wapi?" nami humtajia mahali pa mbali: "Tangu Mlandizi!" "Tangu Bagamoyo!" Akisikia hivyo anajua juu kuko salama. Nikijibu kinyume, anatupa sururu na kupanda, hakuna kuuliza kwa nini. Sheria hiyo aliitunga mwenyewe. Sikuwahi kuitumia, maana jibu hilo la kinyume ndilo tusi alilokua nalo.

Mwezi wa tatu mwaka huu tulikuwa Misugusugu, kwa Mwalimu Melkiori, anayefundisha historia sekondari. Alikuwa anajenga nyumba na alitaka maji. Tulifika futi ishirini na sita. Juu palikuwa na udongo mwekundu, mgumu. Chini tukakuta mchanga, na mvua ilikuwa imenyesha. Karavati, pete za zege za kuzuia ukuta, zilikuwa zije kesho yake asubuhi. Nilimwambia mume wangu tusubiri, akasema anachimba ndoo tano tu za mwisho.

Ndoo ya tatu ilipanda bila udongo. Ndani yake kulikuwa na shati lake, na ndani ya shati kulikuwa na taya la chini la mtu. Lilienea kwenye kiganja changu. Nikadhani ni la mtoto, nikasoma dua. Mwalimu akaligeuza juani.

"Mama Raudha, tazama. Jino la mwisho limeshaota, tena limelika. Huyu alikuwa mtu mzima."

Akaniambia kwamba huko Indonesia, katika kisiwa cha Flores, ilichimbuliwa mifupa ya watu wa kale ambao mtu mzima wao alikuwa na kimo cha mtoto wa chekechea. "Sisemi hawa ni hao," akasema. "Taya peke yake halitoshi. Tungepata kichwa..." Akainama kwenye shimo. "Mzee! Kuna kichwa?"

"Nakiona!" mume wangu akajibu. "Na mkono pia. Vimebanwa ukutani."

Halafu nikasikia sururu ikigonga pembeni. Alikuwa anachimba kuingia ukutani, jambo ambalo amemkataza kila mtu aliyewahi kumfundisha kazi.

"Baba Raudha, panda!"

"Bado kidogo."

Nikaona ufa. Ulianzia chini ya gogo lililobeba roda ya kupitishia kamba, mwembamba, ukatambaa nusu ya duara. Mchanga ukaanza kumwagika ndani kidogo kidogo.

"Panda, nakuambia! Mdomo wa shimo unapasuka!"

"Wewe kila siku unaona ufa." Kisha sauti yake ikashuka. "Mama Raudha, nimeitwa mbilikimo miaka hamsini. Kama walikuwepo kweli, nataka niwaone kwa macho yangu. Niache."

Mwalimu naye, bila haya, akaninong'oneza, "Dakika tano tu, mama."

"Ungekuwa unaenea humo ungeshuka wewe," nikamwambia. "Shika kamba!"

Akaishika. Ufa sasa ulikuwa unaingia kidole. Nilipiga kelele tena, mara mbili, na sururu haikunyamaza. Nilimchukia mtu yule wa chini mwenye taya lake, nikamchukia na mwalimu, nikajichukia na mimi kwa kumwacha ashuke. Ndipo sururu ikatulia, na kwa mazoea tu, kama anayejizungumzia, akauliza:

"Umeniona wapi?"

"Nakuona hapo hapo!" nikapaza sauti. "Chini ya miguu yangu, kama kifaranga!"

Kisha sururu ikaanguka, na kamba ikawa nzito. Tukavuta, mimi na mwalimu, viganja vikiungua. Uso wake ulipotokeza hakunitazama. Alikuwa hajapiga hatua mbili mbali na shimo ukuta ulipoporomoka. Haukutoa kishindo. Ulitoa mguno kama gunia la pumba likiangushwa chini, na gogo na roda vikaufuata. Mwalimu akakaa chini na kujishika kichwa.

"Umenitukana," mume wangu akasema, machozi yakimtoka, akaondoka peke yake kwenda barabarani.

Siku tatu alikula akinipa mgongo. Siku ya nne wataalamu wa chuo walioitwa na mwalimu walikuja mpaka Kibuta. Mama mmoja mwenye miwani akaligeuzageuza taya nililorudi nalo nyumbani. Mwenye taya alikuwa mtu mzima, akasema, na mdogo sana. Huenda ni wa kale, huenda si wa kale. Watu wafupi wamekuwepo siku zote. Bila kichwa hawezi kusema zaidi, na kuchimbua upya kunataka vibali na miaka. Wakalichukua, wakaandika jina la Abdulwahab kwamba ndiye aliyelipata.

Alasiri ile nilikuwa natwanga kisamvu. Akaja akaketi karibu yangu, uso ukinielekea.

"Mkono wa yule mtu wa shimoni ulikuwa umefunika uso," akasema. "Na magoti yamekunjwa hivi. Hakuna anayemzika mtu namna ile. Shimo lilimwangukia akiwa anachimba."

Nikaacha kutwanga.

"Nimemfikiria siku zote hizi," akasema mume wangu. "Maskini, hakuwa na mke wa kumtukana."